Kosa Lisilo na Mwenyewe

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliamini jambo ambalo sikuwahi kulihoji: kwamba kifo ni adui wa mwili, na kwamba kila tunachofanya hospitalini, kuanzia anayepiga deki mpaka anayepasua, ni kukizuia kisiingie. Imani hiyo sikufundishwa darasani. Niliipata kama wengi wanavyoipata, kwa kuzika niliowapenda, na kwa kuwa ilitoka huko sikuona haja ya kuipima. Leo siwezi kusema nimeiacha kabisa. Imelegea tu, na kilichoilegeza ni kitu kidogo mno, kisichoonekana kwa macho matupu.

Nafanya kazi maabara, katika kitengo cha patholojia cha hospitali moja ya kanda ya ziwa. Napokea vipande vya nyama vilivyotolewa kwenye uvimbe wa wagonjwa, navizamisha kwenye nta, navikata vyembamba mpaka mwanga unapita, navitia rangi, kisha daktari anavisoma. Kabla slaidi haijamfikia, huwa naitazama kwanza kwa hadubini kuhakikisha rangi imeshika. Katika kutazama huko nilijifunza mapema kuzitambua slaidi za limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya seli B, zile seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Huku kwetu huwapata hasa watoto, huvimbisha taya au tumbo, na hukua upesi kuliko karibu saratani nyingine yoyote ya binadamu. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Chini ya hadubini seli hizo zimebanana, zambarau iliyokolea, na katikati yake yametawanyika madoa meupe. Wanapatholojia huiita sura hiyo anga yenye nyota.

Nilijua jina kabla ya kujua maana, na kwa muda mrefu jina lilinitosha. Ni daktari mmoja kijana, akiwafundisha wanafunzi wake pembeni yangu, aliyesema kwamba kila doa jeupe ni makrofaji, seli kubwa yenye kazi ya kula mabaki, na kwamba pale inakula seli zilizokufa. Alisema hivyo na kuendelea na mengine. Mimi nilibaki hapo. Uvimbe unaokua kwa kasi kuliko yote, kumbe umejaa vifo. Seli zinazaliwa kwa wingi na zinakufa kwa wingi, bega kwa bega, na nilichokuwa nikikiita nyota ni mahali pa maziko. Sikujua niliweke wapi jambo hilo. Kama kifo ni adui, kilikuwa kinafanya nini ndani ya saratani, na kilikuwa upande wa nani?

Nikaanza kusoma polepole, kwa makala za kuazima na kwa kuwauliza watu waliokuwa na subira nami. Nilichokikuta kwanza ni kwamba seli hazifi kwa namna moja tu. Ipo seli inayouawa na jeraha au kwa kukosa hewa. Hiyo huvimba, hupasuka, na kumwaga vilivyomo ndani yake, na jirani zake huwaka kwa uvimbe na maumivu. Na ipo seli inayokufa kwa utaratibu: husinyaa, hukatakata vinasaba vyake yenyewe, hujigawa katika vifurushi vidogo vilivyofungwa, na jirani huvimeza bila mwili kuhisi lolote. Huondoka kama mpangaji anayefagia chumba na kukabidhi ufunguo. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliieleza namna hiyo ya pili na kuipa jina la apoptosisi. Kerr, mwanapatholojia kutoka Australia, alikuwa ameiona kwanza kwenye maini ya panya miaka kadhaa kabla, na aliitazama kwa muda kabla ya kuwa na hakika kuwa anaona kitu kipya. Inanipa moyo kujua kwamba na yeye alitazama kwanza, akaelewa baadaye.

Baada yake wakaja waliomchunguza mnyoo mdogo wa udongoni, mwenye urefu wa milimita moja. Anapojengwa, mnyoo huyo hutengeneza seli 1,090, na kati ya hizo 131 hufa, zile zile, kwa wakati ule ule, katika kila mnyoo. Hazifi kwa ajali. Zipo jeni zinazoamuru zife, na ipo jeni inayozuia amri hiyo. Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi iliyoanzia hapo. Jeni zinazofanana na hizo tunazo sisi pia. Vidole vyangu vimetengana kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake zilikufa nikiwa bado tumboni mwa mama yangu. Utumbo wangu, damu yangu, ngozi yangu, vyote hupoteza mabilioni ya seli kila siku ili kesho vibaki kuwa vyangu. Nilisoma hayo nikiwa mtu mzima mwenye mvi, na nilihisi kama nimekuwa nikiishi nyumbani kwa watu nisiowafahamu.

Nikarudi kwenye slaidi zangu nikiwa na swali jipya: kama mwili una njia ya kuziondoa seli, kwa nini hizi zimebaki? Jibu limo ndani ya mabadiliko ya jeni, na halikuwa rahisi kama nilivyolitarajia. Ipo jeni iitwayo MYC, ambayo kwa kawaida huiamuru seli igawanyike pale inapohitajika, kisha hunyamaza. Katika limfoma ya Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 chenye MYC huvunjika na, mara nyingi, kujiunga na kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili, ambazo katika seli B hazipumziki. MYC inajikuta mahali pasipo na usiku. Hayo yalijulikana mwaka 1982. Miaka kumi baadaye likaonekana jambo ambalo bado linanifanya nisimame: MYC hiyo hiyo inayoisukuma seli ikue, huiandaa pia kufa. Seli inayosukumwa hivyo, ikikosa ishara za uhai kutoka kwa zinazoizunguka, hujimaliza yenyewe. Amri ya kukua na amri ya kuondoka zilikuwa zimefungwa pamoja tangu mwanzo. Ndiyo maana anga ile ina nyota. Kila doa jeupe ni mahali ambapo mwili, hata katikati ya machafuko, bado ulikuwa unafanya kazi yake.

Basi saratani haitoshelezwi na kukua. Lazima pia njia ya kifo iharibike. Mlinzi mkubwa wa njia hiyo ni protini iitwayo p53. Vinasaba vinapoumia, p53 huisimamisha seli ili ijirekebishe. Na jeraha likiwa kubwa mno, huamsha protini nyingine zinazotoboa utando wa mitokondria, na kutoka humo huvuja kitu kinachoamsha vimeng'enya viitwavyo kaspasi, ambavyo huivunja seli kutoka ndani. Jeni ya p53 imeharibika katika karibu nusu ya saratani za binadamu, na katika limfoma ya Burkitt pia huharibika mara nyingi. Protini hii iligunduliwa mwaka 1979, na kwa takriban miaka kumi watafiti waliiona kuwa mchochezi wa saratani. Sababu ni kwamba jeni walizokuwa nazo mikononi zilikuwa tayari zimebadilika, bila wao kujua. Mwaka 1989 ndipo ilipodhihirika kwamba iliyo nzima hufanya kinyume, huizuia saratani. Huwa nafikiria miaka hiyo kumi, ya watu makini, wenye vifaa bora, wakimtazama mlinzi na kumwita mhalifu, kwa kuwa waliyemwona alikuwa amekwisha kujeruhiwa. Sisemi hivyo kuwahukumu. Nasema kwa sababu imenifanya niwe mwangalifu zaidi ninapotazama mtu aliyejeruhiwa na kudhani nimeijua asili yake.

Ugonjwa huu una historia katika nchi zinazolizunguka ziwa letu. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Mmoja angeweza kusahaulika. Wa pili ndiye aliyemfanya aanze kuuliza. Mwaka 1958 aliandika kuhusu ugonjwa huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakisimama hospitali baada ya hospitali kuuliza kama watoto hao wanaonekana. Waliona kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, karibu kama malaria inavyozifuata. Vipande vya uvimbe kutoka Kampala vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na humo mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana.

Kirusi hicho, cha Epstein-Barr, wanacho zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani. Ninacho mimi, karibu kwa hakika, na wewe unayesoma. Hukaa ndani ya seli B, na kina protini inayofanana na zile za kwetu zinazozuia kifo cha seli, kwa hiyo huweza kuisaidia seli iliyotakiwa kuondoka ikabaki. Malaria nayo, ikimrudia mtoto mara kwa mara, huzichokoza seli B bila kukoma. Hapa ndipo niliposoma sentensi moja mara nyingi. Seli B zina kimeng'enya kinachobadilisha na kukata vinasaba vyao kwa makusudi, ili kingamwili ziwe bora zaidi dhidi ya maradhi. Ni kipawa cha kinga yetu. Lakini kila mkato ni hatari ndogo, na kimeng'enya kikichochewa mno, huweza kukata pasipostahili. Mkato unaomlinda mtoto na malaria na mkato unaoihamisha MYC unaweza kutoka kwenye mkono mmoja.

Nilikuwa nimefika hapo katika kusoma kwangu, na kabla sijajua la kufanya na hayo yote, mama mmoja alikuja kwenye dirisha letu kuulizia majibu. Majibu hatuyatoi sisi, na nilimweleza hivyo. Alikubali, lakini hakuondoka. Akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, samahani, naomba nikuulize." Nilimwambia mimi si daktari. Akaendelea kana kwamba hilo halikumhusu. Meno ya mtoto yalilegea, akadhani ni meno tu, akampeleka kwa mtu wa kijijini akang'olewa. Kisha shavu likavimba. Mama mkwe wake alisema ameuchelewesha ugonjwa. Jirani alisema mengine, ya mikono ya watu. "Nataka kujua tu," akasema, "ni mimi nimemkosea?"

Nilijibu, "Hapana, mama." Lilikuwa jibu la kweli, na niliona usoni mwake kwamba halikumfikia. Jibu fupi lina upungufu huo: halionyeshi limetoka wapi, na mtu aliyekosa usingizi hawezi kulilalia. Alishukuru, akarudi kwenye benchi. Baadaye alionana na daktari, na waliyozungumza si yangu kuyasimulia. Lakini swali lake nilibaki nalo. Niligundua kwamba kusoma kwangu kote nilikuwa nakufanya kwa ajili ya mshangao wangu mwenyewe, na hapa alikuwapo mtu aliyehitaji jambo lile lile kwa ajili ya kupumua.

Nilijiuliza jibu refu lingekuwaje. Labda ningeanzia kwenye kunakili. Kila seli inapogawanyika hunakili kitabu chenye herufi karibu bilioni 6, na ingawa wapo wanaosahihisha nyuma yake, makosa machache hupita. Hutokea kwangu, kwa mama mkwe, kwa mtoto aliyenyonyeshwa vizuri na kwa aliyekosa. Nyingi ya seli zenye makosa mazito huondoka zenyewe. Ili moja ibaki na kuwa uvimbe, lazima makosa kadhaa yakutane katika seli moja: lile linaloisukuma ikue, na lile linaloifungia njia ya kuondoka, na huenda mengine. Hakuna mkono wa jirani katika mkutano huo. Kuchelewa kufika hospitali ni jambo zito na lina madhara yake, siwezi kumficha mama huyo. Ila hakukuuanzisha ugonjwa. Kosa lipo, limeandikwa, linaonekana kwa vipimo. Mwenyewe ndiye asiyekuwapo.

Hili lilinigusa mahali pengine pia, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kujitengenezea funzo na kulipenda. Funzo lilikuwa hivi: saratani ni seli iliyokataa kuondoka, na sisi nasi tujifunze kuondoka, kwenye vyeo, kwenye hasira, kwenye mambo ambayo muda wake umekwisha. Nililifungamanisha na methali ya wazee, kikulacho ki nguoni mwako, na nikaona limekamilika. Si funzo baya. Hata sasa kuna siku linanisaidia kunyamaza pale ambapo zamani ningeng'ang'ania neno la mwisho. Lakini nilipolijaribu mbele ya mama yule, moyoni mwangu tu, lilibadilika sura. Mtoto wake hakuwa na tamaa wala ukaidi. Seli haikatai, haina nia ya kukataa. Imepoteza njia. Ninapouita ugonjwa kiburi cha seli, namwachia mgonjwa atafute kiburi hicho ndani yake, naye ataendelea kutafuta mpaka akipate, maana nani asiyekuwa nacho kidogo? Mwili unatufundisha, nadhani, lakini hautuhubirii, na tofauti ya mambo hayo mawili bado najifunza kuiona.

Matibabu yenyewe yalinionyesha upande mwingine. Katika miaka ya 1960, huko huko Kampala, iligundulika kwamba uvimbe wa Burkitt huyeyuka upesi kwa dawa. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache za saiklofosfamidi. Dawa hiyo huumiza vinasaba vya seli, na seli inayogawanyika kwa pupa haina muda wa kujitibu. Hufa kwa njia zake yenyewe, pale zilipobaki wazi. Ile kasi iliyotutisha ndiyo inayoufanya uvimbe uwe mwepesi kuondoka. Na hata hapo kuna tahadhari. Seli nyingi zikifa kwa mara moja, vilivyomo ndani yake hufurika kwenye damu na kuzilemea figo, kwa hiyo wauguzi hutundika dripu kabla ya dawa na kupima mkojo usiku kucha. Hata kifo kinachoombwa na kila mtu wodini huhitaji kuja kwa kiasi, na huhitaji watu wa kukesha nacho.

Katika limfoma nyingine, ile iitwayo folikula, seli zilizidi kwa sababu hazikufa, wala si kwa sababu ziligawanyika mno. Jeni ya BCL-2 ilihamia mahali ambapo husomwa bila kikomo, na mwaka 1988 huko Melbourne, David Vaux na wenzake walionyesha kwamba kazi yake ni kuiweka seli hai. Ilichukua karibu miaka thelathini kufika kwenye dawa: mwaka 2016 Marekani iliidhinisha venetoclax, kidonge kinachoifunga mikono ya BCL-2, kwanza kwa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu ambao kipande cha kromosomu chenye jeni ya p53 kilikuwa kimepotea. Mlinzi wao hayupo, lakini njia aliyoilinda bado ipo, na imeonekana inawezekana kuiingia mbele zaidi ya pale alipokuwa akisimama. Dawa hiyo haiponyi wote, na uvimbe nao hubadilika. Wodini kwetu wengi hawajawahi kuisikia. Nikiwaza hilo, furaha ya kusoma inapungua, na naona ni haki ipungue.

Siku hizi, wanaponiuliza ndugu wa wagonjwa, sijibu tena kwa maneno mawili. Kama nina nafasi naketi nao, na kama ninalo la hakika nasema hilo tu, kisha nawapeleka kwa anayestahili kusema zaidi. Nawaambia kwamba watafiti wamekuta seli zenye jeni zilizobadilika, hata ile ya p53, zikiwa nyingi katika ngozi na koo za watu wazima ambao hawana saratani yoyote. Tunatembea nazo. Nyingine zitaondoka kesho, nyingine zitakaa kimya mpaka tuzikwe nazo, na mstari kati ya benchi la wagonjwa na kiti changu ni mwembamba kuliko koti jeupe linavyoonyesha. Wapo wanaolipokea neno hilo kwa afueni, na wapo wanaoogopa zaidi. Bado sijui namna ya kulisema lisiogopeshe, na sina hakika kwamba ipo. Nimeamua kuendelea kulisema, kwa kuwa waliokuja wakibeba kosa lisilo lao wana haki ya kulitua, hata kama mimi niliye mbele yao bado natafuta maneno.